Mwalimu Aliyemfundisha Farasi Hesabu

Wengi chamani mwetu huandika juu ya wafalme na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mwalimu wa hesabu, Mjerumani kwa jina Wilhelm von Osten, aliyezaliwa 1838.

Mzee huyu alipostaafu mjini Berlin hakukaa bure. Aliamini kwamba mnyama akifundishwa kwa utaratibu kama mtoto wa shule, naye atafikiri. Basi akampata farasi, akamwita Hans, akamwekea ubao uani. Akamfunza miaka kama minne, akipata jibu anapewa karoti au kipande cha mkate. Hans alijibu kwa kugonga kwato chini. Mbili ongeza tatu, anagonga mara tano. Ati hata tarehe aliijua!

Watu walifurika pale uani na mzee hakudai hata senti. Mwaka wa 1904 tume ya Profesa Carl Stumpf ilimchunguza Hans isione ujanja wowote. Lakini mwanafunzi wa Stumpf, Oskar Pfungst, hakutosheka. Akagundua kwamba muulizaji asipojua jibu, au farasi asipomwona, Hans anagonga ovyo tu. Kumbe siri ilikuwa vichwani, lakini si ndani! Muulizaji huinama kidogo akitazama kwato, na jibu likifika kichwa huinuka kidogo sana bila mwenyewe kujua. Hapo Hans huacha kugonga. Pfungst akajifanya farasi, akagonga kwa mkono, akabahatisha namba ambazo watu walikuwa wakiziwaza kimoyomoyo.

Mzee alikasirika na hakuyakubali matokeo hayo. Akafariki 1909, na Hans akachukuliwa na mfanyabiashara Karl Krall, aliyeendelea kufundisha farasi huko Elberfeld.

Wako wanaomcheka von Osten. Mimi simcheki, maana hakumdanganya mtu. Na huyo Hans je? Hesabu hakuijua, lakini jamani, aliona kitu ambacho maprofesa wazima walikosa kukiona. Hiyo nayo ni akili, ila si ya kufanyia mtihani. (Ingawa hata sisi darasani, kabla ya kujibu, humtazama mwalimu usoni kwanza, au sio?)

Hadi leo, watafiti makini wanaopima akili za mbwa au nyani hupanga mambo ili mnyama asipate jibu kutoka kwa mtu aliye mbele yake.