Muhammed Said Abdulla, Muumba wa Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi 1968 akahariri Mkulima. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960.

Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na sahibu yake Najum. Wahakiki humlinganisha na Sherlock Holmes, na mfanano huo haukanushiki. Hata hivyo, kiko pekee kisingemdumisha. Maiti inapokutwa mzimuni, Bwana Msa hawasingizii wahenga, bali humtafuta binadamu aliyeua. Msomaji wa Lamu, ajuaye heshima wanayopewa waliozikwa Takwa, kisiwani Manda, atauona mara moja ujasiri wa hatua hiyo.

Abdulla alimrejesha mpelelezi wake katika riwaya kadhaa, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991. Anayetaka kuumba mpelelezi wa kukumbukwa na aanzie hapo: amtume kuuliza lile ambalo jamii yake huliogopa.