Grace Hopper, mama aliyeipa kumbukumbu ndogo kazi kubwa

Grace Hopper alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipata shahada ya udaktari katika hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akiwa tayari mwalimu. Alipotaka kujiunga na jeshi la majini aliambiwa umri umepita na uzito hautoshi. Hakukata tamaa. Alikubaliwa mwaka 1943, akapelekwa Harvard kwenye kompyuta ya Mark I.

Huko kila amri iliandikwa kwa tarakimu. Kipande cha programu kilichofaa kilinakiliwa kwa mkono kutoka daftari la mwenzako, pamoja na makosa yake. Hopper aliona kunakili ni kazi ya mashine yenyewe. Kufikia mwaka 1952, akiwa Philadelphia na kompyuta ya UNIVAC, alikuwa ametengeneza A-0, programu ya kuunganisha vipande hivyo. Wengi huihesabu kuwa kompaila ya kwanza.

Lakini UNIVAC ilikuwa na nafasi ya maneno 1,000 tu ya kumbukumbu, na A-0 iliipitia kazi mara moja, mwanzo hadi mwisho. Amri ya kurudi nyuma haikuwa na shida, maana mahali pa kurudi palikwisha kujulikana. Amri ya kuruka mbele ilikwama: kipande kilichotakiwa kilikuwa hakijapangiwa mahali.

Hopper hakungoja mashine kubwa zaidi. Alikumbuka mpira wa kikapu aliocheza chuoni: huruhusiwi kukimbia na mpira, basi mpe mwenzako. Akatenga kona mwishoni mwa kumbukumbu. Amri iliruka hadi kwenye kona hiyo, na ujumbe ukaachwa kwa kipande kijacho. Kipande kilipopata mahali, anwani yake iliandikwa pale konani. Ni kama mfanyabiashara wa Gisenyi kuacha mzigo kwa mtu mwaminifu mpakani, kwa kuwa mwenzake wa Goma bado anatafuta duka. Duka likipatikana, mzigo unajua pa kwenda.

Kazi zake zilizofuata zilichangia sana lugha ya COBOL, iliyoanza kuundwa mwaka 1959 na ambayo benki nyingi duniani bado huitumia. Alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha Rear Admiral. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.

Mwanafunzi wetu mwenye kompyuta kuukuu asiambiwe angoje mpya ndipo ajifunze. Mama huyu alianza na maneno 1,000.