Mohandas Gandhi kama wakili

Mohandas Karamchand Gandhi (Porbandar, 2 Oktoba 1869 – Delhi, 30 Januari 1948) alikuwa mwanasheria na kiongozi wa harakati za uhuru wa Uhindi. Anajulikana zaidi kwa jina la heshima la Mahatma na kwa njia yake ya kupinga sheria mbaya bila kutumia nguvu. Lakini kabla ya kuwa Mahatma alikuwa wakili wa kujitegemea kwa karibu miaka 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya Durban na Johannesburg, Afrika Kusini. Makala hii inahusu hasa maisha yake ya uwakili: jinsi alivyoshindwa mwanzoni, jinsi alivyofanikiwa, na kwa nini mwishowe aliacha kazi iliyompatia kipato kikubwa.

Ujana na masomo

Gandhi alizaliwa katika mji wa bandari wa Porbandar, magharibi mwa Uhindi. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa eneo hilo, cheo kilichoitwa diwan, na baadaye alihamia Rajkot. Alifariki mwaka 1885. Mohandas alikuwa ameozwa kwa Kasturba mwaka 1883, wote wawili wakiwa bado watoto kwa kipimo cha leo.

Rafiki mmoja wa familia alishauri kijana huyo apelekwe London kusomea sheria, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa ya miaka 3 tu na yangemwezesha kushika cheo kama cha baba yake. Wazee wa tabaka lake walipinga safari ya kuvuka bahari wakamtenga, lakini aliondoka Bombay mnamo Septemba 1888. Alijiunga na Inner Temple, mojawapo ya vyama vinne vya mawakili wa London. Wakati ule mwanafunzi alitakiwa kufaulu mitihani na kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za jioni katika ukumbi wa chama. Gandhi, aliyemwahidi mama yake kutokula nyama wala kunywa pombe, alikula mkate, viazi na kabichi. Aliidhinishwa kuwa wakili tarehe 10 Juni 1891 na siku mbili baadaye alipanda meli kurudi nyumbani. Ni baada ya kufika tu ndipo alipoambiwa kwamba mama yake, Putlibai, alikuwa amefariki.

Kushindwa Bombay

Karamu na mitihani vilimpa cheti, havikumfundisha kazi. Hakujua kuandika hati ya madai, na sheria za Kihindu na za Kiislamu zilizotumika katika mahakama za Uhindi hakuwa amezisoma. Huko Bombay alipata kesi ya madai madogo kwa ada ya rupia 30. Alikuwa upande wa mdaiwa, hivyo kazi yake ilikuwa kuwahoji mashahidi wa mdai. Aliposimama, kichwa kilimzunguka, maneno yakamkauka mdomoni, akaketi. Alimrudishia mteja ada yake, akamshauri atafute wakili mwingine, akatoka mahakamani haraka.

Kulikuwa na tatizo la pili, ambalo mawakili wachanga wa nchi nyingi wanalifahamu. Kesi zililetwa na madalali, nao walitaka sehemu ya ada. Gandhi alikataa kulipa, ingawa aliambiwa kwamba hata mawakili wakubwa walilipa. Aliomba kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja, akakataliwa kwa sababu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Baada ya miezi kadhaa alirudi Rajkot. Huko alijikimu kwa kuandika maombi na malalamiko ya watu wengine, akipata kama rupia 300 kwa mwezi, kwa msaada wa kaka yake na marafiki wa kaka yake waliompelekea kazi. Na huko, kwa shingo upande, alikubali kulipa fungu lile alilolikataa Bombay.

Safari kupitia pwani ya Afrika Mashariki

Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, iliyokuwa ya Waislamu wenye asili ya Porbandar wanaofanya biashara Afrika Kusini, ilitafuta mtu wa kuwasaidia mawakili wake katika kesi kubwa huko Pretoria. Malipo yalikuwa pauni 105 kwa mwaka, pamoja na nauli na matumizi. Kwa wakili aliyesoma London hicho kilikuwa cheo cha karani zaidi kuliko cha wakili, lakini Gandhi hakujadiliana. Aliondoka Bombay mwezi wa Aprili.

Meli yake ilitia nanga Lamu baada ya siku 13 hivi. Gandhi alishuka kuutazama mji na kidogo aachwe, kwa kuwa mkondo wa maji bandarini ulikuwa mkali na mashua yake ilishindwa kuufikia ubao wa meli. Baada ya Lamu ilikuwa Mombasa, kisha Unguja, ambako alingoja zaidi ya wiki moja ili kubadilisha meli. Alipanga chumba mjini na kustaajabia miti na matunda ya kisiwa hicho. Alifika Durban mwishoni mwa Mei.

Siku chache baadaye aliingia katika mahakama ya Durban amevaa kilemba. Hakimu alimwamuru akivue. Gandhi alikataa, akatoka nje, kisha akaandika barua kwa magazeti. Katika safari ya kwenda Pretoria alishushwa kutoka behewa la daraja la kwanza katika kituo cha Pietermaritzburg, ingawa alikuwa na tiketi, kwa sababu hakuwa mzungu. Alikesha kituoni katika baridi. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi hata likafunika jambo lililofuata, ambalo kwa maisha yake ya uwakili lilikuwa na uzito uleule: kesi yenyewe.

Kesi ya Pretoria

Dada Abdulla alimdai jamaa yake, mfanyabiashara Tyeb Haji Khan Muhammad, pauni 40,000. Madai yalihusu hesabu za biashara na hati za ahadi ya malipo. Gandhi hakujua hesabu za biashara hata kidogo, hivyo alinunua kitabu akajifunza. Alisoma karatasi zote za kesi, akatafsiri barua za Kigujarati kwa ajili ya mawakili, na mwishowe akaijua kesi kuliko mtu mwingine yeyote. Hapo aliona kwamba mteja wake alikuwa na haki. Aliona pia kwamba gharama za mawakili zilikuwa zinawala ndugu wote wawili, na kwamba kadiri kesi ilivyoendelea ndivyo mshindi naye angebaki na kidogo.

Aliwashawishi wakubali msuluhishi. Dada Abdulla alishinda na kupewa pauni 37,000 pamoja na gharama. Tyeb hakuweza kulipa kiasi hicho kwa mara moja bila kufilisika, na kwa mfanyabiashara wa jamii ile kufilisika kulikuwa aibu kubwa. Gandhi alifanya kazi ya pili, iliyokuwa ngumu kuliko ya kwanza: kumfanya mshindi akubali kulipwa kwa mafungu kwa muda mrefu. Baadaye alieleza kwamba hapo ndipo alipojifunza uwakili wa kweli, na kwamba katika miaka yake yote ya kazi sehemu kubwa ya mamia ya kesi zake zilimalizika kwa mapatano nje ya mahakama.

Wakili wa Natal

Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1894 alikuwa tayari kurudi nyumbani. Wakati huohuo bunge la Natal lilikuwa linajadili muswada wa kuwanyima Wahindi haki ya kupiga kura. Wafanyabiashara walimwomba abaki. Alikataa kulipwa kwa kazi ya umma, lakini alikubali kama wafanyabiashara 20 hivi wampe kazi zao za kisheria kwa mwaka mmoja na kumlipa mapema. Mpango huo ndio ufunguo wa miaka yake ya Afrika Kusini: mikataba na madeni ya wafanyabiashara yalilipa kodi ya nyumba, na muda uliobaki ulikwenda kwenye siasa. Mwezi wa Agosti 1894 ilianzishwa Natal Indian Congress, naye akawa katibu wake.

Chama cha wanasheria cha Natal kilipinga ombi lake la kuandikishwa kama wakili. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba kanuni za uandikishaji hazikutungwa kwa ajili ya watu wasio wazungu. Mahakama kuu ilikataa hoja hiyo, ikisema sheria haitofautishi rangi, na mnamo Septemba 1894 akaapishwa. Jaji alimtaka avue kilemba, kwa kuwa sasa alikuwa chini ya desturi za mahakama hiyo. Safari hii alikivua. Baadhi ya marafiki zake hawakufurahi, lakini yeye aliona ni heri kutunza nguvu kwa vita vikubwa zaidi.

Mteja mmoja wa mwanzo alikuwa Balasundaram, Mtamil aliyekuwa kibarua wa mkataba. Alifika ofisini akitokwa damu, meno yamevunjwa na mwajiri wake. Kibarua aliyeacha kazi angeweza kufungwa, hivyo kumshtaki mwajiri tu kusingemwokoa. Gandhi alimpeleka kwa daktari, akapata cheti, akampeleka kwa hakimu, kisha akatumia kesi hiyo kumfanya mwajiri akubali kibarua ahamishiwe kwa mwajiri mwingine. Habari zilienea hadi Madras, na tangu hapo vibarua wakaanza kuja.

Mnamo Januari 1897, aliporudi kutoka Uhindi na familia yake, kundi la wazungu lilimpiga katika mitaa ya Durban. Serikali ilikuwa tayari kuwashtaki waliohusika, lakini Gandhi alikataa kuwataja.

Ni lazima kuongeza kwamba haki alizozitetea wakati huo zilikuwa za Wahindi. Katika maombi na makala zake za miaka hiyo aliwatenganisha Wahindi na Waafrika kwa maneno ya dharau, na jambo hilo linaendelea kumletea lawama. Mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana kwa sababu hiyo.

Ofisi ya Johannesburg

Mwaka 1903 aliandikishwa katika mahakama ya Transvaal na kufungua ofisi Johannesburg. Ilikua haraka. Henry Polak alijifunza uwakili chini yake, na Sonja Schlesin alikuwa katibu wake. Katika miaka mizuri mapato yake yalifika kama pauni 5,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ilimezwa na gazeti la Indian Opinion, lililoanza mwaka 1903 na ambalo halikuweza kujilipia.

Aliwaambia wateja tangu mwanzo kwamba hataendesha kesi ya uongo. Mara moja, katikati ya kesi mbele ya hakimu, aligundua kwamba mteja wake alikuwa amemdanganya. Alimwomba hakimu aitupilie mbali. Katika kesi nyingine hesabu zilizompa mteja wake ushindi zilikuwa na kosa ambalo upande wa pili haukuliona. Wakili mwandamizi aliyeshirikiana naye alisema si wajibu wao kulitaja. Gandhi alilitaja, na baada ya mabishano makali mteja hakupoteza ushindi wake. Rafiki yake Parsi Rustomji alipokamatwa kwa magendo, Gandhi hakutafuta mwanya wa sheria. Alimshauri akiri yote, hata yale ambayo forodha haikuyajua. Rustomji alilipa faini maradufu ya kiasi alichokiri na akaepuka jela.

Kutoka meza ya wakili hadi kizimbani

Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilileta sheria ya kuwalazimisha Waasia kujiandikisha kwa alama za vidole na kubeba vyeti. Wahindi waliapa kutoitii. Tarehe 10 Januari 1908 Gandhi alisimama kama mshtakiwa katika mahakama ya Johannesburg ambamo alizoea kusimama kama wakili. Aliomba apewe adhabu kali kuliko zote zilizoruhusiwa. Alipewa kifungo cha miezi 2.

Kuanzia hapo kazi ya ofisi ilipungua, na mwaka 1910 alihamia katika shamba la Tolstoy lililotolewa na rafiki yake Hermann Kallenbach. Mwaka 1914, baada ya migomo na maandamano ya wafanyakazi, kodi ya pauni 3 iliyowakandamiza vibarua waliomaliza mkataba ilifutwa. Mwezi wa Julai aliondoka Afrika Kusini.

Uhindini hakufungua tena ofisi. Mwaka 1917 huko Champaran, Bihar, mawakili waliokuja kumsaidia, akiwemo Rajendra Prasad, rais wa kwanza wa Uhindi huru, waliombwa wakae chini waandike maelezo ya wakulima wa nili, kazi ya makarani. Mwaka 1920 aliwataka mawakili wote wasusie mahakama za Waingereza. Motilal Nehru na Chittaranjan Das waliacha ofisi zilizokuwa zikiwaingizia fedha nyingi sana. Wengi wengine hawakuweza.

Mnamo Machi 1922 alishtakiwa kwa uchochezi huko Ahmedabad. Alipoulizwa kazi yake alijitaja kuwa mkulima na mfumaji. Alikiri kosa na kuhukumiwa miaka 6. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, kwa sababu ya hukumu hiyo, Inner Temple ilifuta jina lake katika orodha ya mawakili. Ilimrudisha mwaka 1988, miaka 40 baada ya kuuawa kwake. Katikati ya Johannesburg, karibu na mahali zilipokuwa mahakama alimofanyia kazi, kuna sanamu yake ya mwaka 2003 inayomwonyesha akiwa kijana aliyevaa joho la wakili.