Askari wa Dar aliyedai mshahara wake Berlin

Juzi usiku hapa mtaani Cibitoke tulitazama sinema mbili za Kijerumani mfululizo, mimi na jirani zangu wawili. Mmoja alirudi kutoka kambi ya Mtabila, mwingine amefanya biashara ya vitenge kati ya hapa na Uvira kwa miaka mingi. Ya kwanza ni Carl Peters ya mwaka 1941, ya pili ni Majubs Reise ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Bi. Eva Knopf. Katika zote mbili yumo mtu mmoja, Mohamed Husen, na maisha yake ndiyo ninayowaletea leo.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Enzi hizo Dar, Kigoma na Usumbura yetu zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, mtoto huyu wa miaka 10 aliingia jeshini pamoja na baba yake, akifundishwa kazi ya kupeleka ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai mshahara wake na wa baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa.

Alibaki hukohuko. Akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa Maria Schwandner. Walipata mtoto wa kiume na wa kike, lakini wote wawili walifariki wakiwa wadogo. Aliomba nishani ya waliopigana vita, akanyimwa.

Kazi zilipozidi kuwa ngumu, sinema zikamlisha. Alionekana katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi kama mtumishi au mpagazi. Katika Carl Peters alicheza kama Ramasan, mtu wa karibu wa bwana yule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu.

Hapo jirani yangu wa vitenge alikasirika, akauliza mtu huyu alikubalije kumsifu muuaji. Nilimjibu kwamba njaa ilikuwepo, lakini sifichi kwamba Husen mwenyewe alijivunia uaskari wake, akiamini serikali aliyoipigania itamkumbuka. Ningependa kumuuliza mwongozaji, Herbert Selpin, alimwonaje mtu huyu. Lakini Selpin naye alikamatwa na Gestapo mwaka 1942, akakutwa amekufa mahabusu.

Mwaka huohuo wa 1941 sinema ilipotoka, Gestapo walimkamata Husen kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Bila kesi wala hukumu, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafariki tarehe 24 Novemba 1944.

Bi. Knopf amekusanya vipande vya sinema zile za zamani, akamfuata yule mtumishi anayesimama nyuma ya mabwana mpaka tukamwona yeye badala yao. Na tangu mwaka 2007 jina lake limechongwa kwenye bamba dogo la shaba mbele ya nyumba aliyoishi, mtaa wa Brunnenstraße.

Jirani yangu wa Mtabila alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kama ule mshahara ulilipwa. Nikamwambia haukulipwa. Akatikisa kichwa. Sisi tuliorudi na sisi tunaovuka mipaka tunajua maana ya kusimama dirishani na kuambiwa umechelewa. Husen alisimama pale mwaka 1930, na deni lake lipo mpaka leo.