Andre, Pande la Mtu

Mpenzi wa mieleka wa Likoni au Kisauni anayekusanya sanamu za mabingwa wa zamani, akimkosa Andre the Giant, mkusanyo wake haujatimia.

Jina lake hasa ni André Roussimoff, mzaliwa wa Ufaransa, 1946, mtoto wa mkulima. Maradhi ya homoni yalimkuza pasi na kikomo. Watu walilipa kiingilio kutazama umbo lile lile lililokuwa likimla mwenyewe, viungo, mgongo na moyo.

Mwaka 1987, akiwa amekwisha kupasuliwa mgongo, alipanda ulingoni Pontiac, Marekani, amefunga mkanda ndani ya vazi lake, akakubali kubwagwa na Hulk Hogan. Umaarufu wake akamwachia mwenziwe mbele ya maelfu.

Alifariki Paris Januari 1993, alikokwenda kumzika babake. Umri wake ulikuwa miaka 46.

Miaka ya 1980 kampuni ya LJN ilimfinyanga kwa mpira, mwili mmoja usiokunjika. Sanamu za siku hizi za Mattel ni za plastiki, na magoti yake hukunjika bila maumivu. Raha hiyo, msomaji, mwenyewe hakuipata.