Rao Jodha na Mtu Aliye Chini ya Ukuta

Wageni wengi wakipanda ngome ya Mehrangarh, pale Jodhpur ukingoni mwa jangwa la Thar, wanapiga picha za nyumba za bluu kule chini, basi, wanashuka. Mimi nilipanda nikimtafuta mwenye ngome, Rao Jodha.

Alizaliwa 1416 katika ukoo wa Rathore, watawala wa Marwar. Mwaka 1438 baba yake, Rao Ranmal, aliuawa Chittor, kwa watawala wa Mewar. Jodha akatoroka na wapanda farasi wake, wengi wakauawa njiani, na Mandore, mji wao mkuu, ukatekwa. Hebu fikiria, wanachuo wenzangu: miaka 22, umri wetu huuhuu, huna baba, huna kwenu, na unawindwa.

Alihangaika jangwani miaka 15 hivi, akishambulia Mandore na kushindwa. Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa na njaa na hajulikani ni nani, alipewa uji mzito wa uwele na mama mmoja mkulima. Akatumbukiza mkono katikati ya sahani, akaungua. Yule mama akamcheka: anakula kama Jodha, anayevamia katikati badala ya kuanzia pembeni! Hadithi za namna hii husimuliwa kuhusu wafalme kadhaa wa India, kwa hiyo sikulazimishi uiamini. Ila Mandore aliirudisha mwaka 1453.

Miaka sita baadaye akahamia jabali lililo kilomita 9 hivi kutoka hapo, lenye urefu wa mita 120 na ushee. Juu yake, wanasema, aliishi mtawa aliyeitwa Cheeria Nathji, bwana wa ndege. Alipofukuzwa, akalilaani jabali lipate ukame. Kwenye nchi ya jangwa hiyo si laana ndogo. Jodha akamjengea hekalu, lakini hofu haikuisha. Ndipo Raja Ram, mtu wa jamii ya Meghwal, jamii iliyohesabiwa ya chini kabisa, akazikwa hai ndani ya msingi ili ngome isimame.

Wanasema alijitolea mwenyewe. Mimi hapo nilikwama. Mtu wa tabaka lile, mbele ya mfalme mwenye jeshi, angekataa vipi? Kuna jiwe la kumbukumbu lake pale ngomeni, na nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye vyumba vyenye dhahabu na vioo, ambavyo hata hivyo vilijengwa na wafalme waliokuja baadaye.

Mwaka 1488 Bika, mtoto wa Jodha, akaanzisha mji wake jangwani, Bikaner. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Aliahidi kuitunza familia ya Raja Ram, na shamba walilopewa, Raj Bagh, wazawa wake wanaishi humo hadi leo.