Reuben Spartas hakukubali kuwa boi kanisani

Bhimrao Ambedkar wa India, aliyezaliwa miongoni mwa watu waliohesabiwa kuwa najisi, aliuacha Uhindu na kuingia Ubudha mjini Nagpur mwaka 1956, akifuatwa na mamia ya maelfu. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mtu wake, tena miaka 27 kabla. Hapa Nakuru jina lake ni nadra kusikika, na hiyo ni hasara yetu.

Reuben Mukasa wa Buganda, aliyejulikana zaidi kwa jina la Spartas, alilelewa katika Kanisa la Kianglikana na kutumikia jeshi la Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Vita viliisha, mambo yakabaki yale yale: Mwafrika, hata awe na mvi, aliitwa boi, na uaskofu ulikuwa wa Wazungu. Kupitia gazeti la Marcus Garvey alipata habari za Kanisa la Othodoksi la Kiafrika, lililoanzishwa na watu weusi Marekani mwaka 1921. Mnamo 1929 alitangaza kujiunga nalo, na Askofu Daniel William Alexander wa Afrika Kusini akampa upadri mwaka 1932.

Hapo ndipo habari yake inapokolea. Spartas aligundua kwamba kanisa lile halikutambuliwa na Waothodoksi wa asili. Mwingine angenyamaza, maadamu waumini alikwisha kuwapata. Yeye alimwandikia Patriaki wa Alexandria, akangoja miaka mingi, akapokewa mwaka 1946. Waliomlaumu kwa kuchanganya dini na siasa (naye kweli alifungwa baada ya ghasia za Buganda za 1949) walisahau kwamba si yeye aliyeingiza suala la rangi kanisani.

Alexander huyo huyo alikuja Murang'a mwaka 1935, akawapa upadri Wakenya kadhaa, akiwemo Arthur Gatung'u Gathuna. Makanisa huru na shule zake yaliwafuata maskwota hadi Bonde la Ufa, katika mashamba ya walowezi ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata kishamba. Serikali ya kikoloni iliyafunga wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Spartas na Gathuna walifanywa maaskofu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini wasaidizi tu, chini ya askofu mkuu Mgiriki. Spartas alifariki mwaka 1982. Kiti cha askofu mkuu wa Kampala kilikaliwa na Mwafrika, Theodoros Nankyamas, mwaka 1994.